Kuku wa Kilimo Hai: Chanjo Kwanza, Cheti Baadaye



Zamani, siku ya mshahara hapa Kasese tulingojewa getini na watu wa namna mbili: wanaotudai na wauza mitumba. Siku hizi wameongezeka wa tatu, nao ni watu wa kuku. Huja na karatasi za rangi zenye picha ya jogoo aliyenona, na maneno yao ni matamu. Kuku wa kilimo hai, nyama isiyo na dawa, yai lenye kiini cha manjano. Soko liko Kampala, liko Kongo, liko hata Ulaya. Lete fedha kidogo tu, nasi tutakupa vifaranga, mafunzo na cheti, na mwakani utaiaga kazi ya shifti. Wengi wetu tumewasikiliza. Baadhi yetu tumewapa fedha. Kwa hiyo tumeona yafaa jambo hili lizungumzwe katika kurasa zetu za Kiswahili, maana linahusu jasho letu, na maana katikati ya maneno hayo kuna ukweli ambao hatutaki utupwe pamoja na uongo.

Tuanze na habari ya mwenzetu mmoja. Hataki jina lake liandikwe, nasi hatutaitaja kampuni iliyomuuzia. Mwenzetu huyu amefanya kazi kiwandani zaidi ya miaka 20. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ilipobadilishwa mwaka 2022 na kumruhusu mwanachama mwenye umri wa miaka 45 na michango ya miaka 10 achukue asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu, naye akaichukua. Akanunua vifaranga 300 vilivyosemwa kuwa ni vya kienyeji, akajenga banda la matofali, akahudhuria mafunzo ya asubuhi moja. Katika mafunzo hayo aliambiwa kwamba kuku wa kilimo hai hachanjwi, kwa sababu chanjo ni dawa, na dawa ni marufuku.

Mwezi wa tano kuku walianza kuzubaa. Wakashusha mbawa, wakaharisha kijani, baadhi wakapinda shingo kama wanaotazama juu. Kilikuwa kideri, ugonjwa ambao wengine huuita mdondo. Kwa muda wa siku sita alizika kuku 260 katika shimo moja nyuma ya nyumba. Waliobaki aliwauza kwa bei ya hasara, jambo ambalo nalo lilikuwa kosa, kwa maana walikwenda na ugonjwa sokoni. Asilimia 20 ya akiba ya maisha yake imo katika shimo hilo.

Tunaeleza habari hii kwa sababu aliyoambiwa ni uongo, na ni uongo unaoua. Kanuni za kilimo hai za Afrika Mashariki zinaruhusu chanjo mahali ambapo ugonjwa unajulikana kuwapo. Nani asiyejua kwamba kideri kipo Kasese na Bwera? Mama zetu walikijua kabla hatujazaliwa. Kilichokatazwa ni vitu vingine: dawa za kukuza haraka, dawa za viuavijasumu zinazotiwa katika chakula au maji kila siku hata kama kuku ni wazima, chakula chenye mbegu zilizobadilishwa chembe za urithi, na kumfungia kuku maisha yake yote katika kizimba cha waya. Kuku akiugua hutibiwa. Si halali kumwacha afe ili karatasi ibaki safi. Ila baada ya dawa utangoja muda mrefu kuliko ule ulioandikwa kwenye chupa kabla ya kuuza nyama au yai.

Hapa tuseme jambo dogo kuhusu jina. Alama inayotumika katika nchi zetu kwa mazao ya namna hii inaitwa Kilimohai, nayo ilizinduliwa Dar es Salaam mwaka 2007 pamoja na kanuni za pamoja za Afrika Mashariki. Ni jina zuri. Lakini ukisimama Mpondwe ukitangaza kwamba unauza kuku hai, watu watakutazama kwa mshangao, kwa sababu kuku wote wa Mpondwe ni hai. Wamefungwa miguu, wananing'inia kwenye baiskeli, nao wanapiga kelele. Basi katika makala hii tutasema kuku wa kilimo hai, ingawa ni maneno marefu.

Wako wenzetu wanaosema kwamba mambo haya ni ya wazungu walioshiba. Hatukubaliani nao. Mwaka 2023 kamati ya Bunge la Uganda ilielezwa na wakuu wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa kwamba dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilikuwa zikilishwa kuku na nguruwe. Dawa ambazo wagonjwa wetu huzipangia foleni tangu alfajiri! Na wala tusijifanye kwamba wakosaji ni matajiri wa Kampala peke yao. Ni wangapi miongoni mwetu ambao kuku akikohoa hufungua vidonge vya rangi mbili vilivyobaki tangu mtoto alipougua, na kumwaga unga wake katika maji ya kuku? Siku ya pili yai linauzwa. Vijidudu vikizoea dawa hizo katika banda la kuku, kesho vitamkuta mtoto yule yule hospitalini Bwera au Kagando, na daktari atakuwa hana la kufanya. Kwa hiyo nyama na yai lisilo na mabaki ya dawa ni haki ya mfanyakazi kabla hata halijawa biashara yake.

Sasa swali: je, kuku wetu wa kienyeji si tayari ni kuku wa kilimo hai? Watu wengi hujibu ndiyo. Jibu letu ni kwamba amefika nusu ya njia. Anatembea, anaparura, anakula mchwa na majani, anaatamia mayai yake mwenyewe, hajui kizimba. Hayo yote ni mambo ambayo mfugaji wa Ulaya hulipia fedha nyingi ili ayarudishe. Kule sheria inamdai mfugaji wa kilimo hai asizidishe kuku sita wa mayai katika kila mita mraba ya banda, na ampe kila kuku mita nne mraba za uwanja nje. Kuku wa Bwera ana kilima kizima. Lakini ukiuliza alikula nini jana, alipewa dawa gani mwezi uliopita, na uwanja anaoparura uliwahi kumwagiwa nini, mwenyewe hajui. Nusu ya pili ya njia ni kujua na kuandika.

Na kwa nini nusu hiyo ya kwanza haitutajirishi? Tufanye hesabu, maana hesabu haina urafiki. Tetea mmoja wa kienyeji hutaga mizunguko kama mitatu kwa mwaka, kila mzunguko mayai 12 hadi 15. Tuchukue mfano wa nyumba yenye matetea watano, kila mmoja akiatamia mara tatu na kutotoa vifaranga 10. Hao ni vifaranga 150 kwa mwaka. Sasa kila msomaji aende uani kwake ahesabu kuku aliowauza au kuwala mwaka jana kutokana na matetea watano. Tunajua jibu. Wengi hawafiki 30. Hao wengine wamechukuliwa na mwewe, na nguchiro, na baridi ya usiku, na ndui. Na mwaka ambao kideri kimepita, hata hao 30 hawapatikani. Kumbe hasara yetu kubwa haiko sokoni. Iko uani, kabla kuku hajafika sokoni, na hakuna cheti kinachofufua kifaranga.

Ndiyo maana tunasema chanjo kwanza. Iko chanjo ya kideri iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya Profesa Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia. Mbegu yake iligawiwa nchi zetu bila malipo, na wenzetu wa Tanzania wanaitengeneza wenyewe. Inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida, yaani haiharibiki upesi ikibebwa kwa baiskeli kutoka mjini hadi kijiji cha mlimani. Hudondoshwa jichoni, tone moja kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Tone moja! Hata mtoto wa shule aweza kufundishwa kazi hiyo kwa saa moja. Mwulize afisa wa mifugo wa kata yako akueleze ni chanjo ipi ya namna hiyo inayopatikana, na usikubali kuuziwa chupa iliyokaa juani dirishani.

Lakini hapa ndipo penye fundo. Chupa moja ya chanjo huwa na dozi 100 au zaidi, na ikishachanganywa na maji yake lazima itumike siku ile ile. Mfanyakazi mwenye kuku wanane afanye nini? Akinunua chupa, amwage dozi 92. Asiponunua, angoje kideri. Na hata akinunua peke yake, jirani zake 12 wasipochanja, ugonjwa utazunguka uani kwao mwaka mzima, na kila kifaranga kipya cha kwake kitakutana nao. Hakuna kazi ya ufugaji inayodai umoja kama hii. Sisi ambao tumejifunza kusimama pamoja kwenye meza ya mapatano, tunashindwaje kupanga Jumapili moja kila baada ya miezi mitatu, nyumba 15 za mtaa mmoja, tukanunua chupa moja na kuchanja kuku wote kabla ya jioni? Tunawajua watu wa mitaa ya wafanyakazi ambao wamekaa ukuta kwa ukuta miaka kumi na hawajapata kulizungumza jambo hili.

Tupite kwenye chakula. Hapa watu wa getini husema kidogo sana, nasi twajua sababu. Kuku wa mayai anayefugwa bandani hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Mwenye kuku 500, ambayo ndiyo idadi wanayopenda kutuuzia, atahitaji kilo 60 kila siku, sawa na tani 22 hivi kwa mwaka. Kama zaidi ya nusu ya chakula hicho ni mahindi, ni karibu magunia 130 ya kilo 100. Nayo yawe mahindi yasiyotiwa mbolea ya dukani wala dawa. Ni nani kati yetu mwenye shamba la kutoa magunia 130? Pale kwenye skimu ya umwagiliaji ya Mubuku mahindi hustawi, lakini mengi hulimwa kwa mbolea na dawa. Mlimani ambako hawatumii mbolea, ardhi ni vipande vidogo vinavyoning'inia, na mahindi yake ni posho ya watoto. Tukianza kushindana na watoto kwa ajili ya kuku, tutakuwa tumepotea njia.

Wafanyakazi wa vinu vya pamba watasema: mbona tuna mashudu? Kweli, mashudu ya pamba yana nguvu, na ng'ombe huyapenda. Kwa kuku wa mayai lazima kuwe na kiasi. Mbegu ya pamba ina sumu ya asili iitwayo gosipoli. Ukizidisha mashudu, kuku hupunguza kutaga, na kiini cha yai likikaa hugeuka rangi ya kijani kibichi kilichochafuka, mnunuzi akalirudisha kwa matusi. Tena kama pamba ilipigwa dawa, mashudu yake hayana nafasi katika kilimo hai. Na tukiwa bado kwenye pamba, jambo moja linatuudhi kila tulionapo: madumu ya dawa ya shambani yaliyokatwa katikati na kufanywa vyombo vya maji ya kuku. Mwajiri anayeyaacha madumu hayo yachukuliwe nyumbani ana hatia, na sisi tunaoyachukua tuna hatia. Yakomeshwe.

Basi kuku 500 bandani kwa chakula cha kilimo hai si mradi wa kabwela wa Kasese. Ni mradi wa mwenye mashamba. Kuku 15 au 20 kwa kila nyumba ni jambo jingine. Hao hujitafutia sehemu kubwa ya chakula chao. Wewe huwaongezea pumba, mabaki ya mihogo na ndizi, mchwa, na dagaa kidogo kwa vifaranga. Ukivitenga vifaranga na mama yao baada ya wiki tatu au nne na kuvilea mahali penye joto, mama hurudi kutaga mapema, na mizunguko mitatu ya mwaka huweza kufika mitano. Viota viwe gizani, tenga la vifaranga lifunikwe mchana kwa ajili ya mwewe, banda linyanyuliwe juu ya miti kwa ajili ya nguchiro. Haya si maarifa ya kigeni. Wazee wa Bukonzo walijenga vibanda vya namna hiyo kabla ya barabara ya lami.

Kuna swali moja la udongo ambalo hatuwezi kulipita, hasa kwa wenzetu wa bonde la Kilembe. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba, na shaba ikachimbwa hadi 1982. Kampuni ziliondoka, mabaki ya mgodi hayakuondoka. Marundo yake yako bondeni hadi leo, na mto Nyamwamba ulipofurika mwaka 2013, na tena mwaka 2020 hata ukaibomoa hospitali ya Kilembe, ulibeba sehemu ya mabaki hayo na kuyatandaza mashambani na mitaani. Watafiti waliopima udongo wa bonde hilo wamekuta shaba na kobalti kupita kiasi cha kawaida. Kuku hula udongo. Humeza mchanga ili kusaga chakula chake, na aliyoyameza huweza kufika katika ini lake na katika yai. Kwa hiyo wenzetu wanaokaa karibu na marundo hayo tunawaambia kwa uchungu: ninyi ndio mliochimba, na ninyi ndio ambao leo hamwezi kumwachia kuku aparure popote mkasema ni kuku safi. Wazungushieni wigo mahali palipoinuka ambapo mafuriko hayakufika. Na chama kiendelee kudai udongo upimwe nyumba kwa nyumba, na gharama ziwe juu ya wanaofaidika na mgodi, si juu ya mwenye kuku sita.

Sasa soko. Ulaya tuiondoe mezani mara moja. Umoja wa Ulaya una orodha ya nchi zinazoruhusiwa kupeleka kwake nyama ya kuku na mayai, na Uganda haimo. Cheti cha kilimo hai hakifungui mlango huo, kwa kuwa umefungwa kwa sababu za magonjwa na ukaguzi. Anayekuuzia cheti cha Ulaya kwa kuku wa Bwera anakuuzia tiketi ya treni mahali pasipo na reli. Hata jirani wa karibu hubadilika: mwaka 2017 mafua ya ndege yalipoonekana kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria hapa Uganda, Kenya ilizuia kuku na mayai yetu mara moja, pamoja na ya mikoa isiyouona ugonjwa huo.

Soko letu kubwa liko Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha wako watu wa lugha moja nasi, na nyuma yao miji ya Beni na Butembo, ambako kuku wa kienyeji na yai la Uganda vinajulikana. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na hilo ni jambo la kutiwa moyo. Hata hivyo mama anayevuka daraja na kuku kumi bado hukutana na mikono mingi kabla hajafika upande wa pili. Wala tusisahau mwaka 2019 Ebola ilipovuka hapo hapo, na mwaka 2020 mpaka ulipofungwa kwa watu kwa ajili ya Korona. Aliyekuwa na soko moja tu, Mpondwe, alikula kuku wake mwenyewe miezi ile. Na mnunuzi wa Mpondwe hakuulizi cheti. Anampapasa kuku kifuani, anamtazama macho, anamnusa, kisha anataja bei. Kwake cheti ni afya ya kuku.

Lakini pale pale Kasese kuna mnunuzi anayeuliza. Hoteli za mjini na zile za watalii ndani na pembezoni mwa Hifadhi ya Malkia Elizabeth hununua mayai kila wiki, na wageni wao huuliza kuku alikula nini. Hoteli haitaki mayai 600 leo na 40 wiki ijayo. Inataka idadi ile ile, siku ile ile, mayai masafi yasiyoviza. Nyumba moja yenye matetea wa kienyeji haiwezi, maana matetea hutaga kwa vipindi kisha huatamia. Nyumba 30 zinaweza, kwa kuwa wa kwangu wakiatamia wa kwako wanataga. Na hapa ndipo tutakapokutana na wadanganyifu wanaochanganya mayai ya kuku wa kizungu na ya kienyeji ili wapate bei ya juu. Hao wakiingia katika kundi letu mara moja tu, hoteli haitarudi.

Kwa ajili hiyo, na kwa ajili hiyo tu, alama ina faida. Tena si lazima tumwite mkaguzi wa kulipwa kwa fedha za kigeni. Alama ya Kilimohai hutolewa pia kwa vikundi vinavyokaguana vyenyewe kwa utaratibu unaokubaliwa: wanachama huandika kanuni zao, hutembeleana, huweka daftari la chakula na dawa, na anayevunja kanuni hutolewa. Chama cha kilimo hai cha taifa, NOGAMU, kilichoanzishwa mwaka 2001, kimefanya kazi na vikundi vya namna hiyo. Na hatuhitaji kwenda mbali kujifunza. Kule Kyarumba, wakulima wa kahawa wa ushirika wa Bukonzo Joint wamekuwa wakiuza kahawa ya kilimo hai nchi za nje kwa miaka mingi, wakikaguana shamba kwa shamba. Wengi wao ni ndugu zetu, wengine ni wake zetu. Waulizeni lililokuwa gumu zaidi. Tulipowauliza baadhi yao, hawakutaja masharti ya wazungu. Walitaja siku ya kumwambia shemeji yako kwamba mazao yake hayapokelewi.

Tumetaja wake zetu, basi tuseme ukweli. Sisi tuko shifti. Kuku wanaangaliwa na mama na watoto. Wao ndio wanaowafungulia asubuhi, ndio wanaojua yupi anataga wapi. Siku ya kuuza, mkono unaopokea fedha ni wa baba. Kikundi kitakachoandikisha majina ya wanaume peke yao kitakufa mwaka wa kwanza, na kitakuwa kimestahili. Daftari la chanjo na la mauzo liandikwe jina la yule anayelea kuku.

Na sasa neno kwa waajiri, maana tumelisikia likisemwa na wakubwa fulani kwenye meza ya mapatano, nusu kwa mzaha: kwamba mfanyakazi wa Kasese ana shamba, ana kuku, kwa hiyo mshahara mdogo haumwumizi sana. Kima cha chini cha mshahara katika nchi yetu kiliwekwa mwaka 1984 kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na sheria haijakibadilisha. Bunge lilipitisha mswada mpya mwaka 2019. Rais hakuutia sahihi. Shilingi 6,000 leo hazinunui hata trei moja ya mayai, sembuse kuku. Sisi tunawashauri wanachama wafuge kuku, lakini hatukubali kuku waingizwe katika hesabu ya mshahara. Kuku ni kazi ya pili inayofanywa na familia baada ya kazi ya kwanza, na kazi ya kwanza lazima ilipwe kama kazi. Msemaji wetu yeyote atakayeingia katika mapatano akanyamaza neno hilo linaposemwa, atuambie alikuwa akimwakilisha nani.

Kwa wale wanaofikiria kuchukua ile asilimia 20, ushauri wetu ni huu. Usiichukue kwa ajili ya kuku. Kuku wa kilimo hai, kwa njia tunayoieleza, huanza na matetea watatu ulionao, jogoo mmoja mzuri asiye ndugu yao, kibanda cha miti, na mchango wako wa chupa ya chanjo. Wanaotaka chotara kama wale wa Kuroiler walioletwa Uganda kutoka India mwaka 2010 wajue kwamba hukua haraka na hutaga zaidi, lakini hula zaidi, na wengi wao hawapendi kuatamia, kwa hiyo utarudi kununua vifaranga kila mara. Sisi hatuwakatazi. Tunasema tu kwamba anayeuza vifaranga anapenda sana kuku asiyeatamia.

Na mkataba wowote unaoletwa getini, ambao ndani yake mtu mmoja anakuuzia kifaranga, anakuuzia chakula, anapanga bei ya kununua kuku, tena anakata deni lake kabla hujaona shilingi, uletwe kwanza ofisi ya tawi usomwe kwa sauti mbele ya watu wawili. Kama mleta mkataba hataki usomwe, hapo hamna la kusoma.

Tumekubaliana kuanza kwa kuhesabu. Kila mjumbe wa tawi, kuanzia Hima hadi Bwera, aandike nyumba za wanachama zenye kuku katika mtaa wake, idadi ya kuku wakubwa na vifaranga, jina la mwenye kuwalea, na kama waliwahi kuchanjwa. Nyumba zilizo jirani na marundo ya Kilembe ziwekewe alama. Orodha zifike ofisini kabla ya mwisho wa mwezi ujao, ili tujue zinahitajika chupa ngapi na Jumapili ipi itafaa kwa watu wa shifti ya usiku.